Mikakati ya kuinua shule tunayo, wa kuilea ndiye hatuna

Wazee wetu walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kila niyatazamapo mambo ya elimu katika nchi hii, naona jinsi methali hiyo inavyotusuta. Wakenya tu hodari wa kuzaa mipango. Hakuna mwaka upitao bila mkakati mpya wa kuziinua shule zetu: leo warsha, kesho waraka, keshokutwa jopo la wataalamu. Mpango huzinduliwa kwa hotuba na nyimbo za wanafunzi, ukapewa jina zuri na kaulimbiu ya kupendeza. Halafu yule mwana aliyepokewa kwa vigelegele huachwa ajilee mwenyewe.

Msomaji na aingie katika shule yoyote ya umma, iwe Kwale au Turkana, Nyamira au Nairobi. Kabla hajafika ofisini mwa mwalimu mkuu, atakuwa amekwisha kusoma ukutani ruwaza ya shule, dhamira yake na maadili yake, yote yakiwa yameandikwa kwa rangi ya mafuta. Ofisini ataonyeshwa mpango mkakati wa miaka mitano uliopigwa chapa na kutiwa jalada. Lakini akiuliza ni watoto wangapi wa gredi ya tatu wanaoweza kusoma aya moja ya hadithi na kuielewa, huenda asipate jibu. Si kwamba mwalimu mkuu ni mtu mbaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Swali hilo si dogo. Kuanzia 2009 shirika la Uwezo liliwatembelea watoto majumbani na kuwapima kusoma na kuhesabu. Matokeo yake ya mwanzo yaliwashtua wengi: katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Mtoto ambaye hajajua kusoma ifikapo gredi ya nne hana tena mlango wa kupitia. Sayansi humjia kitabuni, hesabu za mafumbo humjia kitabuni, hata dini humjia kitabuni. Hukaa darasani miaka mingine kadhaa akinakili ubaoni asichokielewa, kisha siku ya mtihani sisi sote tunajifanya kushangaa. Huyo ndiye anayelipia ulegevu wetu.

Hoja yangu leo ni moja. Hatuna uhaba wa mikakati. Tuna uhaba wa ufuatiliaji. Mkakati haufaulu kwa kuandikwa wala kwa kuzinduliwa. Hufaulu pale ambapo yupo mtu mwenye kazi ya kurudi darasani, tena na tena, kuangalia kama lile lililokubaliwa linafanyika, na kumsaidia mwalimu pale lilipokwama.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Tume ya Ominde ilitoa ripoti yake mnamo 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Ikafuata ya Gachathi mnamo 1976, ya Mackay mnamo 1981, ya Kamunge mnamo 1988 na ya Koech mnamo 1999. Karne hii tumepata jopo la Profesa Douglas Odhiambo lililotoa ripoti mnamo 2012, na lile la Profesa Raphael Munavu lililoteuliwa mnamo 2022. Sina nia ya kuwakejeli wasomi hao. Ndani ya ripoti zao mna hekima nyingi, na ajabu ni kwamba hekima ile ile hujirudia: walimu wasaidiwe kazini, shule zikaguliwe, wazazi washirikishwe, vifaa vitoshe. Jambo linapopendekezwa mara tano na majopo matano, mwenye akili hatauliza tena kama ni jema. Atauliza ni kwa nini halifanyiki.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mnamo 1985, wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana za useremala na vyumba vya sayansi-kimu. Nia ilikuwa njema, kwamba kijana amalize shule akiwa na ujuzi mikononi. Lakini jengo si funzo. Katika shule nyingi karakana zilikosa randa na misumeno, na mwalimu aliyetakiwa kufundisha useremala hakuwa amewahi kushika patasi. Muda si muda vyumba hivyo vikawa maghala ya madawati mabovu. Hali kadhalika, mnamo 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto walitoka takriban milioni 5.9 wakafika milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Hilo lilikuwa jambo la fahari, na hakuna mtu mwenye utu atakayelipinga. Hata hivyo tulihesabu walioingia langoni, tukasahau kuhesabu waliokuwa wakijifunza.

Yafaa sasa tuangalie ushahidi, maana bahati nzuri ni kwamba shule za Kenya zimechunguzwa kwa makini kuliko za nchi nyingi. Chukua mfano wa vitabu. Mnamo 1996, shule 25 katika zilizokuwa wilaya za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, kisha zikalinganishwa na nyingine za eneo hilo hilo ambazo hazikupewa. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wengi wetu tungetarajia kuona alama za watoto zikipanda. Kwa wastani, hazikupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi waliokuwa mbele ya wenzao tangu hapo.

Kwa nini? Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, tena kwa kiwango kilichowafaa wale waliokwisha kukimudu. Kitabu kilifika mikononi mwa mtoto lakini hakikufika akilini mwake. Yeyote asidhani ninasema kwamba vitabu havina faida. Ninasema kwamba kitabu hakina macho. Hakiwezi kumwona Atieno au Barasa pale nyuma ya darasa akikifungua kichwa chini miguu juu. Anayeweza kuliona hilo ni mwalimu, na anayeweza kumsaidia mwalimu kuliona ni mtu mwingine aliyeketi darasani humo.

Mfano wa pili ndio unaonikera zaidi. Mnamo 2005, shule 140 za Magharibi mwa Kenya zilipewa fedha za kumwajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa kandarasi, ili darasa la kwanza lililofurika ligawanywe mara mbili. Madarasa hayo yalikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 80. Wazazi kupitia kamati ya shule ndio waliomwajiri mwalimu huyo, na ndio waliokuwa na uwezo wa kutomwongezea kandarasi. Walimu hao walipatikana darasani zaidi, na watoto waliofundishwa nao wakafanya vyema zaidi. Katika baadhi ya shule, wanakamati walipewa mafunzo mafupi kuhusu namna ya kusimamia kazi ile: kuitisha mikutano, kuangalia mahudhurio, kumhoji mwalimu kabla ya kumwongezea muda. Huko, hata walimu wa kudumu hawakulegea kama kwingineko, na desturi ya kuajiri jamaa wa walimu waliokuwapo ilipungua.

Kwa kuona matunda hayo na kwa kukabiliwa na upungufu wa walimu, serikali iliamua kuajiri walimu 18,000 wa kandarasi kote nchini. Hapo watafiti wakapata nafasi adimu. Waliteua shule 192 kutoka mikoa yote minane ya wakati huo, na kuanzia 2010 wakalijaribu jambo lile lile kwa njia mbili. Katika kundi moja mpango uliendeshwa na shirika la World Vision. Katika kundi la pili uliendeshwa na Wizara ya Elimu. Mwalimu ni wa aina ile ile, na kazi ni ile ile. Katika kundi la kwanza alama za watoto zilipanda. Katika kundi la pili hapakuonekana faida yoyote.

Msomaji na atulie hapo kidogo. Mkakati ulikuwa mmoja, ulioandikwa kwa maneno yale yale, na nchi ni hii hii moja. Kilichotofautiana ni mikono iliyoutekeleza. Watafiti waligundua kwamba walimu wa upande wa serikali walicheleweshewa mishahara zaidi, na shule zao zilitembelewa kwa nadra zaidi. Aidha palikuwapo mvutano na chama cha walimu KNUT, kilichotaka walimu wa kandarasi waajiriwe kwa masharti ya kudumu, na mgomo wa Septemba 2011 ukaimarisha dai hilo. Siwalaumu walimu kwa kutaka kazi yenye uhakika, nani asiyetaka? Lakini mpango uliobuniwa kwa msingi kwamba mwalimu atawajibika kwa wazazi wa kijiji chake ulikuwa umegeuka kitu kingine kabisa, na jina lake halikubadilika.

Wapo watakaodaka maneno haya na kusema, basi serikali haiwezi lolote, tuwaachie mashirika ya kigeni. Hilo silikubali hata kidogo, na mfano wa tatu ndio unaonipa ujasiri wa kulikataa. Nao ni mpango wa Tusome.

Tusome haukuanza kwa kishindo. Ulitanguliwa na jaribio lililoanza mnamo 2011 katika baadhi ya shule za Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu, na katika miaka ya jaribio hilo watu walijisumbua kuuliza maswali ya msingi. Je, kumpeleka mwalimu warshani kunatosha? Je, warsha pamoja na kitabu kwa kila mtoto? Au ni warsha, kitabu kwa kila mtoto, na mwongozo unaomwonyesha mwalimu somo la kila siku hatua kwa hatua? Jibu lilikuwa wazi. Vyote vitatu kwa pamoja ndivyo vilivyoleta faida kubwa zaidi, na ukilinganisha gharama na matokeo, hapo ndipo fedha zilipofanya kazi ya maana. Warsha peke yake iliambulia kidogo. Wale wanaoishi kwa posho za warsha hawatalipenda jibu hilo.

Mnamo 2015 mpango ukatandazwa nchi nzima, katika zaidi ya shule 20,000 za umma, kwa Kiswahili na Kiingereza. Na watekelezaji hawakuwa wageni walioletwa kwa ndege. Walikuwa ni walimu wetu wenyewe na wale maafisa tuliozoea kuwaita wakufunzi wa TAC, ambao siku hizi huitwa maafisa wa usaidizi wa mtaala. Kila afisa alipewa kishikwambi. Alipofika shuleni aliketi darasani, akafuatilia somo la kusoma tangu mwanzo hadi mwisho, akajaza aliyoyaona, kisha akachagua watoto watatu bila kupendelea na kuwasikiliza wakisoma. Baada ya hapo alizungumza na mwalimu faraghani: hapa umefanya vyema, hapa tujaribu hivi. Kishikwambi kilionyesha alikuwa wapi, na nauli yake ilirudishwa kulingana na ziara alizofanya kwa kweli. Si ajabu kwamba maafisa waliokuwa wakionekana shuleni kwa nadra walianza kuonekana mara kwa mara.

Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba usomaji wa watoto uliboreka kwa kiwango ambacho ni nadra kuonekana katika mpango wa nchi nzima. Sisemi kwamba kila mtoto alijua kusoma, la hasha. Nasema kwamba watumishi wale wale wa serikali tunaowabeza kila siku walifanya kazi ya kupigiwa mfano pale walipopewa jambo moja lililo wazi, vifaa vya kulifanyia, nauli ya kufika, na mtu wa kuangalia kama wamefika.

Nitaongeza jambo moja la Kisumu, kwa sababu linatugusa mfukoni. Wakati wa jaribio lile, watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa vya kisasa: kumpa afisa mshauri kishikwambi, kumpa mwalimu kishikwambi, au kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Matokeo ya watoto hayakutofautiana sana. Gharama ndiyo iliyotofautiana, na nafuu kuliko zote ilikuwa ni kumpa kifaa yule afisa mmoja anayezunguka shule nyingi. Wakati huo huo, katika kampeni za 2013, Wakenya walikuwa wakiahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mnamo 2016 vilikuwa vishikwambi, na kuna shule ambazo viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Tulipenda kifaa kionekane mikononi mwa mtoto, maana picha yake hupendeza gazetini.

Basi, kutokana na hayo yote, ni nini hasa kinachoufanya mkakati ushike? Kwa maoni yangu ni mambo manne, wala hayahitaji shahada kuyaelewa. Jambo la kwanza ni kuchagua lengo moja, kwa sababu mshika mbili moja humponyoka. La pili ni mwalimu kupewa vifaa vinavyolingana na lengo hilo. La tatu ni kuwepo mtu anayerudi. La nne ni kipimo rahisi kinachofanywa mara kwa mara, ambacho mwalimu mwenyewe anaweza kukifanya bila kungoja karatasi kutoka Nairobi.

Tuseme shule imeamua kwamba ifikapo mwisho wa muhula wa pili kila mtoto wa gredi ya tatu aweze kusoma aya fupi ya maneno 60 na kueleza ilisema nini. Wiki ya kwanza mwalimu amsikilize kila mtoto peke yake. Kwa darasa la watoto 50, kila mmoja akipewa dakika mbili, kazi hiyo haizidi saa moja na dakika 40, na inaweza kugawanywa katika siku tano. Atapata orodha tatu: wanaosoma, wanaojikokota, na wasiojua hata herufi. Kila siku wale wa orodha ya tatu watengewe dakika 15 za kufundishwa kwa kiwango chao. Kila Jumanne mwalimu mkuu au naibu wake aketi nyuma ya darasa kwa somo moja zima, ambalo katika gredi za chini ni dakika 30 tu. Asije na kalamu nyekundu. Aje na daftari, aandike jambo moja lililofaulu na jambo moja la kurekebisha, azungumze na mwalimu chini ya mti wakati wa mapumziko, kisha Jumanne ifuatayo arudi kuona kama lile la kurekebisha limerekebishwa. Kurudi huko ndiko kazi yenyewe. Mwisho wa mwezi apimwe tena kila mtoto wa orodha ya tatu, na hesabu isomwe mbele ya bodi ya shule.

Hakuna la ajabu hapo. Hakuna zabuni, hakuna utepe wa kukatwa. Pengine ndiyo sababu jambo hilo halipendwi.

Najua majibu nitakayopewa. Walimu wataniambia kwamba wamelemewa, nao hawasemi uongo. Tangu 2016 wamekuwa wakijaza fomu za tathmini ya utendakazi, ile TPAD, juu ya maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi za kila namna. Tatizo la utaratibu huo ni kwamba hukagua karatasi badala ya darasa. Mwalimu aweza kuwa na mafaili safi na watoto wasiojua kusoma. Mwingine akawa na mafaili machafu na watoto wanaosoma kama kasuku. Ndiyo maana nasema mpango mpya usiletwe shuleni kabla ya wa zamani kuondolewa. Anayetaka mwalimu afanye jambo la kumi na moja na amwonyeshe kwanza ni lipi kati ya yale kumi atakalomtua.

Wengine watasema mwongozo wa hatua kwa hatua humnyima mwalimu ubunifu. Hoja hiyo ina uzito kwa mwalimu stadi, na mwalimu wa aina hiyo aachwe apae. Lakini mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzi na kukuta watoto 70 mbele yake hahitaji kwanza uhuru wa kubuni. Anahitaji mahali pa kushika. Mpishi hujifunza wali kabla ya kuanza kuzua pilau yake mwenyewe.

Wapo pia watakaokumbuka enzi za inspekta, gari lake lilipoonekana kwenye kona na shule nzima ikaingiwa na kiwewe, walimu wakitafuta maandalio ya masomo ambayo hayakuwapo. Mimi sitaki enzi hizo zirudi. Inspekta alikuja mara moja, akalaumu, akaenda zake. Ninayemtaka ni anayekuja mara nyingi, akasaidia, na akajulikana kwa jina. Mwalimu humficha mkaguzi udhaifu wake. Mshauri atakayerudi wiki ijayo humwonyesha.

Hapa ndipo ninapoigeukia serikali. Afisa wa usaidizi wa mtaala ni mwajiriwa wa Tume ya Huduma za Walimu. Ana shule nyingi za kuzungukia, na katika kaunti pana kama Garissa au Samburu shule mbili zaweza kutenganishwa na mwendo wa saa kadhaa. Akikosa nauli au mafuta ya pikipiki, atakaa ofisini, na nani atamlaumu? Tusome uliendeshwa kwa fedha za Marekani na Uingereza. Misimu ya wafadhili hupita. Shirika la USAID lenyewe lilifungwa mnamo 2025. Wizara ya Fedha yapasa kutenga fungu la nauli za maafisa hawa katika bajeti yetu wenyewe, na fungu hilo lisiguswe, kwa sababu bila hilo maafisa watabaki kuwa majina katika orodha ya mishahara.

Aidha fedha za shule zifike kwa wakati. Mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, yaani chini ya Sh4 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo mno; kikichelewa muhula mzima, mwalimu mkuu hugeuka mkopaji wa chaki. Hatuwezi kumtaka mtu afuatilie masomo ilhali siku yake yote inaishia kwa kuwakimbia wenye maduka.

Bodi za usimamizi nazo zina lao. Mikutano mingi huisha kwa mazungumzo ya ua, lango na basi la shule. Haya ni mambo yanayoonekana, na mjumbe hupenda kuacha alama. Naomba kila mkutano wa bodi uanze kwa swali moja kabla ya ajenda nyingine zote: tangu tulipokutana, ni watoto wangapi walioanza kusoma, na ni wangapi bado? Kamati zile za Magharibi zilizofunzwa kusimamia kazi hazikuwa za maprofesa; zilikuwa za wakulima na wachuuzi waliojua kuuliza.

Na mzazi naye asijitoe. Hahitaji kujua Kiingereza wala mtaala. Jioni amwambie mtoto afungue kitabu cha Kiswahili na amsomee. Akiona anakisia kwa kutazama picha, asubuhi aende shuleni kuuliza kwa adabu. Wazazi watano wakiuliza swali moja katika wiki moja, shule haitalala.

Nasema haya wakati mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, umekwisha kulifikisha kundi lake la kwanza katika mtihani wa gredi ya 9, uliofanywa mnamo 2025. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mnamo 2023. Majina yamebadilika, madaraja yamebadilika, vitabu vimebadilika. Mjadala wetu ungali juu ya muundo: miaka mingapi huku, miaka mingapi kule, nani akae katika boma la nani. Muundo una umuhimu wake, sikatai. Lakini mtoto wa gredi ya tatu asiyejua kusoma hajui kama yumo katika 8-4-4 au katika mtaala mpya. Anachojua ni kwamba mwalimu ameandika kitu ubaoni na wenzake wamecheka pale alipoulizwa akisome.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa elimu wajizuie, japo kwa miaka michache, wasizindue jambo jipya. Wachukue machache yaliyokwisha kuthibitika katika shule zetu wenyewe, katika ardhi yetu na kwa mikono ya walimu wetu, na wayalee. Wahesabu ziara za darasani kama wanavyohesabu mabati na saruji. Wampandishe cheo mwalimu mkuu ambaye watoto wake wa gredi ya tatu wanasoma, hata kama lango la shule yake halina rangi. Mimba tumezilea za kutosha. Mwana ndiye huyu hapa, naye ana njaa.